Ukitaka pambano la MMA Malindi, anza na njia ya machela

Promota anayetaka kuleta Malindi MMA, mchezo wa kupigana unaochanganya ngumi, mateke na mieleka ndani ya kizimba, huanza kwa kuuliza viti vinaingia vingapi. Kisha anauliza taa, kisha spika. Tunamwomba aanze kwingine: mpiganaji akianguka asiinuke, atatolewa kwa mlango gani, atapakiwa gari gani, na atafikishwa wapi baada ya dakika ngapi? Ukumbi huchaguliwa na majibu hayo matatu. Hayohayo ndiyo yanayoutenga mchezo na ugomvi mbele ya sheria.

Wengi hudhani uhalali ni karatasi yenye muhuri. Muhuri lazima uwepo, ila mizizi iko chini zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inasema anayeshiriki kupigana mahali pa umma ametenda kosa, na kusema "tulikubaliana" hakumwokoi mtu. Mwaka 1882, katika kesi ya R v Coney, mahakama ya Uingereza ilikataa hoja hiyohiyo: watu wawili walipigana ngumi tupu, na majaji wakashikilia kwamba ridhaa yao haifuti kosa. Sheria zetu zilirithi kanuni za Kiingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, kwa hiyo Coney si kesi ya kupuuzwa kwa kuwa ni ya mbali. Machi 1993, katika R v Brown, majaji wakuu wa Uingereza walieleza upande wa pili: michezo inayoendeshwa kwa utaratibu, ndondi zikiwemo, haimo katika katazo hilo. Utaratibu maana yake ni kanuni zilizoandikwa, refa mwenye uwezo wa kusimamisha, daktari, na chombo kinachoweza kumwambia promota "leo hakuna pambano" naye akatii. Ukikosa hicho cha mwisho, vingine vyote ni mapambo.

Historia ya mchezo wenyewe inathibitisha. Onyesho la kwanza la UFC, shirika la Marekani la mapambano ya MMA, lilifanyika Denver tarehe 12 Novemba 1993, bila vitengo vya uzani na kanuni zikihesabika kwa vidole. Mwaka 1996 Seneta John McCain aliwaandikia magavana wa majimbo yote 50 ya Marekani wauzuie, na majimbo 36 yakatunga sheria za kuukataza. Uliokolewa na madaftari, si na matangazo. New Jersey ilianza kuusimamia mwaka 2000, na Aprili 2001 kikao cha Trenton, jimboni humo, kikakubaliana Kanuni za Pamoja ambazo sehemu kubwa ya dunia inazitumia mpaka leo: raundi 3 za dakika 5, au 5 kwa taji, mapumziko ya dakika 1, majaji 3, na vitengo vya uzani. Makosa nayo yakaorodheshwa moja moja: kuuma, kudunga jicho, kugonga kisogo, kushika waya wa kizimba.

New York iliendelea kukataza mapambano ya kulipwa tangu 1997 hadi 2016. Je, vijana waliacha kupigana? Hawakuacha. Mapambano ya ridhaa, yaani yasiyo ya malipo, yaliendelea bila msimamizi wa serikali, katika kumbi ambazo hakuna aliyeuliza vipimo vya damu. Wanaodai Pwani iukataze mchezo huu moja kwa moja tunawaomba walifikirie hilo. Ukifunga mlango wa mbele, watu hupitia uani, na uani hakuna daktari.

Tukio la Dublin la Aprili 2016 nalo lisisahauliwe. João Carvalho, Mreno wa miaka 28, alishindwa kwa refa kusimamisha pambano. Alitoka kizimbani kwa miguu yake. Dakika kama 20 baadaye akaanza kujisikia vibaya, akakimbizwa hospitali, akafanyiwa upasuaji wa ubongo, na baada ya siku mbili akafariki. Ireland wakati huo haikuwa imeukataza mchezo, wala haikuwa imeupa chombo rasmi cha kuusimamia. Damu inayovuja ndani ya fuvu haina haraka. Kwa sababu hiyo gari la wagonjwa halitoki ukumbini kengele ya mwisho inapolia. Linatoka baada ya mpiganaji wa mwisho kukaguliwa.

Sasa tuje kwetu. Michezo nchini inaongozwa na Sheria ya Michezo Na. 25 ya 2013. Shirika la mchezo husajiliwa na Msajili wa Michezo, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua pambano lako liko chini ya shirika gani, na cheti chake ni hai au kimelala. Usikubali nakala ya simu. Omba kuona cheti chenyewe. La pili ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia kaunti burudani za umma, viwanja na shughuli za michezo, fuo na leseni za pombe. Ndiyo maana barua ya Nairobi peke yake haikufungulii uwanja Malindi. Bila idara ya michezo ya Kaunti ya Kilifi, afisa wa afya ya umma na zimamoto, unakodi ukumbi ambao unaweza kufungwa saa mbili kabla ya watu kuingia.

Muda tunaoshauri ni huu: siku 90 kabla, shirika; siku 60, kaunti na mwenye ukumbi; siku 30, ukaguzi wa zimamoto na afya; siku 14, barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi ya mkutano wa hadhara itolewe siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Utabishana kwamba mchezo si mkutano, na huenda ukawa na haki, lakini kituo kinachojua idadi ya watu, saa ya kufunga na jina la mkuu wa ulinzi kitakupa askari badala ya maswali. Kama utapiga spika nje, kanuni za kelele za 2009 zinakuhusu, na kama utarekodi kwa kuuza, uliza mapema kibali cha filamu. Pombe ina leseni yake. Maoni yetu ni kuiacha kabisa. Watu waliolewa wakitazama watu wakipigana ni kazi mbili kwa mlinzi mmoja.

Ukumbi ndiyo sehemu inayoharibika zaidi, kwa kuwa watu hupima kwa macho. Chukua utepe. Kizimba kikubwa kina upana wa ndani wa mita 9.1, kidogo mita 7.6. Ongeza mita 1 ya jukwaa kila upande nje ya uzio, kisha mita 2 kila upande kwa majaji, madaktari, kamera na machela. Kikubwa kinakula mita 15.1, kidogo 13.6. Uwanja wa basketboli ni mita 28 kwa 15. Maana yake ni kwamba katika ukumbi uliojengwa kwa kipimo hicho, kizimba kikubwa hakiingii, hata kama fundi anaapa kinaingia. Kitaingia, ndiyo, kwa kula njia ya machela. Chukua kidogo. Kanuni zinaruhusu eneo la kupigania kuanzia mita 5.5 hadi 9.75, na kizimba kidogo huleta mapambano ya karibu yanayowapendeza watazamaji.

Jukwaa lisizidi mita 1.2 kutoka sakafuni. Kizimba kiwe na milango miwili, na ngazi ya mlango mmoja iwe pana kiasi cha watu wawili kushuka wakiwa wamebeba. Kisha fanya jaribio ambalo karibu kila mtu hulikwepa: mlaze kijana wa kilo 90 juu ya machela, mfunge mikanda, mtoe katikati ya kizimba hadi ndani ya gari, viti vikiwa vimepangwa kama vitakavyokuwa usiku ule. Machela huwa haikwami mlangoni. Hukwama kwenye kona ya pili, palipowekwa meza ya kuuza fulana. Ikizidi dakika 3, panga upya viti, si watu.

Malindi ina vishawishi viwili. Cha kwanza ni ufuo. Picha itapendeza sana, kizimba na bahari nyuma yake. Lakini bamvua huku kwetu huinua maji zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, na mchanga uliolowa chini hautulii: mguu mmoja wa jukwaa unazama sentimita 2, sakafu inainama, na mpiganaji anayerusha teke anateleza upande uleule kila mara. Ukishikilia ufuo, chagua siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, weka mbao pana chini ya kila mguu, na pima usawa kwa timazi ya maji asubuhi na tena jioni. Usiku umande huingia kwenye turubai hata bila mvua, kwa hiyo lifunike mpaka dakika za mwisho, na uwe na vitaulo vikavu vya kutosha. Aprili hadi Juni usithubutu: masika na kusi vyote viko juu.

Cha pili ni banda la makuti la hoteli. Lina kivuli, lina hewa, lina maegesho. Na linashika moto kwa cheche moja. Taa za jukwaa hupata moto mkali, na fataki za kumkaribisha mpiganaji chini ya makuti ni jambo la kukataa bila mjadala, awe anayelitaka ni mfadhili au nani. Ukipata ukumbi wa bati au zege wenye milango miwili inayofunguka kwa nje, huo ndio wako, hata kama haupigi picha vizuri.

Ndugu zetu wa Lamu hutuuliza kuhusu uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome. Mahali pa heshima, watu wamezoea kukusanyika pale. Tatizo letu ni njia. Vichochoro havipitishi gari, safari ya kumpeleka majeruhi hospitali kubwa inaanza kwa boti, na boti inategemea maji na giza. Kutoka Malindi kuna lami hadi Mombasa, kilomita 120 hivi. Kwa Lamu tungeshauri maonyesho ya mieleka na mafunzo mchana, bila ngumi za kichwani. Na popote pale, Lamu au Malindi, usiulize hospitali kama ina mashine ya CT, ile ya kupiga picha ndani ya fuvu. Uliza kama inafanya kazi usiku huo, na mtaalamu wake yuko zamu au yuko nyumbani.

Tarehe nayo ni sehemu ya ukumbi. Mwezi wa Ramadhani uache. Ijumaa iache. Panga kadi ya mapambano ili Magharibi na Isha ziangukie kwenye mapumziko, spika zikiwa kimya, na ukae na wazee wa mtaa kabla ya mabango kutoka, hasa kuhusu mavazi na mapambano ya wanawake. Suruali ndefu ya kubana na fulana ya kubana haviwazuii wanawake kupigana, na huondoa mgogoro ambao ungefika kaunti kabla yako.

Kuhusu vifaa tutasema machache. Sponji chini ya turubai isipungue sentimita 2.5, na ifike nje ya uzio hadi ukingoni mwa jukwaa. Waya uwe umevikwa plastiki. Chumvi ya hewa yetu hula waya mtupu, na ncha ya kutu huchana ngozi. Kila nguzo ivishwe mto. Bendeji ya mkono haizidi mita 12 kwa kila mkono, upana sentimita 5; plasta mita 3, upana sentimita 2.5, nayo ifungwe mbele ya msimamizi. Jenereta iwe inawaka yenyewe stima ikikatika, na juu ya kizimba ziwe taa mbili za betri, maana sekunde 10 za giza zinatosha mtu kupigwa ngumi asiyoiona.

Vipimo vya damu ni virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na majibu yamfikie daktari, si promota. Uzani hupimwa siku iliyotangulia, asubuhi. Hapa joto letu ni adui wa kweli: hewa ikiwa na unyevu jasho halikauki, na kijana anayekimbia na gunia la plastiki mwilini ili apunguze kilo 5 anapika damu yake. Desemba 2015 Yang Jian Bing alifariki Manila akipunguza uzani kabla ya pambano la ONE Championship, na shirika hilo likabadilisha kanuni zake za uzani. Anayezidi uzani Malindi apewe mpinzani wa uzani wake au aondolewe, na mpinzani wake aliyefika sawasawa alipwe.

Madaktari wawe wawili, ili mmoja akiingia chumbani na majeruhi mwingine abaki kizimbani. Gari la wagonjwa likiondoka, mapambano yanasimama mpaka lirudi au lije jingine. Liandike hilo kwenye mkataba na kwenye tiketi, ili mtazamaji asirushe chupa. Damu sakafuni ifutwe kwanza kwa kitambaa, kisha kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5 iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 6, kisha kwa maji matupu, maana klorini ikibaki huwasha macho ya anayelazwa chini raundi inayofuata. Kila mpiganaji akaguliwe tena kabla hajaoga, apewe karatasi ya siku za kupumzika, mara nyingi 60 au zaidi akipoteza fahamu kwa kipigo, na nakala ibaki kwa shirika, ili asije akaonekana kizimbani mji mwingine baada ya wiki mbili. Anayekwenda nyumbani asilale peke yake usiku huo, na anayelala naye apewe namba ya daktari mkononi.