Mzee, upande gani?

Robota la mitumba hapa soko la Gikomba, Nairobi, lina kilo 45. Nimeyabeba miaka kumi na tisa, hadi kinena changu cha kulia kikasema basi. Palitokea uvimbe wa ukubwa wa limau, nikikohoa unatoka, nikilala unarudi. Ngiri. Daktari alipojua kazi yangu alinieleza kwa lugha ya nguo: ukuta wa tumbo umefumuka kama mshono, utumbo unachungulia, na hakuna kidonge kinachoshona.

Kisu hakikunitisha sana. Kilichoninyima usingizi ni kuambiwa kwamba sitalazwa usingizi. Ningechomwa sindano ya mgongoni, nusu ya chini ife ganzi, na mimi nimekodoa macho nikiwasikia wakinifanyia kazi.

Njeri, binti yangu aliye chuoni, akanitumia sauti kwa WhatsApp. "Baba, haya ni maneno ya kujipa moyo. Rudia mara ishirini asubuhi, ishirini jioni." Ni mwanamke mwenye sauti ya asali: Mimi ni mtulivu. Siogopi chochote. Mwili wangu una nguvu tele. Basi kila alfajiri ndani ya matatu kutoka Umoja, vipokea sauti masikioni, nanong'ona "siogopi chochote" huku viganja vimelowa jasho. Kadiri nilivyosema, ndivyo moyo ulivyoniuliza: kama huogopi, mbona unajibembeleza hivi?

Mama Njeri aliona ni upuuzi. "Sala inatosha." Nikamuuliza, kwa kiburi kidogo, mbona kwenye rozari yeye husema Salamu Maria mara 53. Alininyamazia hadi kesho yake. Nilistahili.

Mara ya kwanza niliahirishwa nikiwa tayari nimevaa gauni, tumbo tupu tangu saa sita usiku, kwa sababu majeruhi wa ajali waliletwa na theata ikawa yao. Sikulaumu mtu, lakini kurudi nyumbani na hofu ile ile uliyoondoka nayo ni kazi. Usiku wa kuamkia zamu ya pili nilichukua risiti ya robota, nikaigeuza, nikaandika tu mambo ambayo ningeweza kuapa kwayo:

Naogopa, na nimekuja. Sindano ni dakika chache. Mama Njeri yuko nje kwenye benchi.

Hayo moyo haukuyabishia.

Asubuhi wodini sista akaniuliza, "Mzee, jina lako nani? Unafanyiwa nini? Upande gani?" (Mzee! Nina miaka 46.) Nikajibu. Daktari akachora mshale pajani kwa kalamu. Mlangoni mwa theata, maswali yale yale. Daktari wa ganzi, yale yale. Hapo nikaanza kutetemeka: kumbe hawa watu hawajui wanakuja kunifanya nini? Sista mmoja akaona uso wangu, akanieleza kwamba wanajua sana. Ni orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, wanamuuliza mgonjwa mwenyewe ili asipasuliwe asiyehusika, wala upande usiohusika.

Waliponiuliza tena niko mezani, nilisikia sauti yangu imekaa sawa. Naitwa Kamau. Ngiri. Kulia. Basi nikaendelea nayo. Waliniketisha, nikumbatie mto, nijikunje mgongo kama paka aliyekasirika. Spiriti baridi, mchomo, kisha joto likashuka miguuni kama uji. Naitwa Kamau, navuta pumzi. Ngiri, kulia, naitoa polepole, ndefu kuliko nilivyoivuta. Nyuma ya kitambaa madaktari walikuwa wakibishana bei ya saruji Kitengela. Nilikuwa na maoni, nikayameza.

Baadaye, wodini, nilitazama kidole gumba cha mguu dakika arobaini kikikataa amri yangu. Kisha mkojo ukagoma. Sista akasema usipotoka atanitia mpira, akafungua bomba la sinki lichuruzike ili kunishawishi. Nadhani ni ule mpira ulionishawishi zaidi.

Usiku ganzi ilipoisha, kukohoa kulikuwa kama kupasuliwa upya, hata nikibana mto juu ya kidonda. Sikujiambia kwamba siumwi. Nilijiambia: dawa ni saa nane, sasa ni saa saba na robo. Saa saba na nusu nikajiambia tena.

Kosa nililifanya nikiwa nimepata nafuu. Siku ya tisa, maji ya mgao yamefika, nimeamka mwepesi, nikairudia ile sauti ya asali. Mwili wangu una nguvu tele. Nikainua mtungi wa lita 20. Kitu kilivutika ndani kama uzi ulioshikwa na msumari, nikakaa chini palepale kwenye maji.

"Baba Njeri, daktari alisema wiki ngapi?"

"Sita."

"Na hii ni ya ngapi?"

Kliniki walinipima, wakakuta ule wavu waliouweka ndani kuushikilia ukuta wa tumbo haujang'oka. Nilisemwa lakini, na kijana wa umri wa Njeri. Njeri mwenyewe, kwa aibu, alinisomea kuhusu utafiti wa Joanne Wood na wenzake wa Kanada, wa mwaka 2009: watu wasiojithamini sana walipoambiwa warudie kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya kuliko wasiorudia. Nikamwambia angeusoma kabla hajanitumia yule mwanamke.

Wiki ya saba nilirudi Gikomba. Risiti iko kwenye droo ya pesa, na nimeongeza mstari: Robota ni kilo 45. Kijana wa mkokoteni yuko pale, muite.