Siku yangu na ganuni, kompyuta na jenereta la jirani

Baada ya kuswali alfajiri nilikaa kwenye kompyuta, joto halijapanda. Hapa Kikwajuni, mjini Unguja, wananiita didjei, ingawa sijapiga disko hata moja. Baba ni mtu wa Makunduchi, mama Mngazija, na muziki wangu mchanganyiko vilevile: ganuni ya taarab, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, sanduku la kidumbak, lile besi la uzi mmoja, na midundo ninayoitengeneza mwenyewe. Sina meneja wala lebo. Kufika saa tatu nilishajibu meseji na kununua waya Darajani.

Saa nne Babu wa ganuni akabisha hodi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Hiyo mashine yako imeshapata adabu?"

Juma lililopita iliingilia rasti yake, mpangilio wa noti wa Kiarabu, akakasirika. Katika maqamu ya rasti sauti ya tatu hukaa katikati ya noti mbili za kinanda, na kinanda cha kompyuta hakiijui mpaka ukaishushe mwenyewe, kama senti 50 hivi, yaani nusu ya hatua kati ya noti mbili zinazofuatana. Usiku mbili zilikwenda kwa noti hiyo moja. Halafu mtu akuambie kompyuta inafanya kila kitu!

Ganuni yake ina nyuzi 78. Kwa unyevu huu wa masika alizikaza saa nzima, moja moja, sikio limeinama. Akamaliza, nikabonyeza kurekodi, umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na chaji, si neno. Neno lilikuwa jenereta la jirani, muuza samaki, lililonguruma hadi magodoro niliyoegesha ukutani yakatetemeka. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay. Siku kama hizi namwelewa.

Nikaenda kumwomba.

"Mwanangu, ngoma yako haiozi. Samaki wangu wanaoza."

Ningejibu nini? Nikarudi. Babu akanywa kahawa, akanihadithia harusi za zamani, akasinzia. Saa sita. Adhana ya adhuhuri, tukaenda kuswali. Tukarudi, bado linanguruma, na joto limezilegeza nyuzi, akaanza kukaza upya bila kusema kitu. Aibu ilinishika mimi. Nikaenda tena kwa jirani, safari hii na barafu nzima ya kuwekea samaki.

"Dakika kumi," akasema. "Si kumi na moja."

Babu alipiga mara moja tu. Dakika nne, na ile sauti ya tatu ikakaa pale pale nilipoitegea.

Jioni nilikuwa hotelini kupiga muziki, ambako msimamizi alitaka "kitu cha Kiafrika zaidi"; sijui alidhani ganuni niliyoicheza kwenye spika ni ya wapi. Shilingi elfu themanini, nusu ya Babu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipovaa hedifoni. Rekodi ni nzuri. Ila chini kabisa, mbali, kuna jenereta jingine, la mtaa wa pili. Nikilichuja, sanduku nalo linapotea, maana vyote viwili vinaishi huko huko chini. Nimekata kidogo, nimerudisha, nimekata tena. Mama amegonga ukuta mara mbili.