Asiyetaka kitu hachukui vyote

Maneno hayo ni ya shangazi, yule wa Kyela ambaye wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu kwa kisa cha mashine ya kukoboa mpunga, na tangu ayaseme Jumamosi iliyopita hayajaniacha. Wiki hii mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume, usahihishaji wa mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne umekamilika, na barua ya uhamisho wangu kwenda Makete imefika ofisini. Hata hivyo, kila nikikaa kuandika habari hizo najikuta nimerudi ukingoni mwa mto Mbaka, nikijibizana na mama mtu mzima ambaye hayupo mbele yangu.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Alikuwa amenipeleka kuona mahali ambapo mstari wa mwisho wa mikakao yake ulikuwepo kabla ya mvua za mwaka huu, na ambapo sasa hapana mti wala ardhi ya kuotesha mti. Ukingo umesimama wima, mizizi inaning'inia, na hatua chache nyuma yake kuna ufa mrefu unaokwenda sambamba na maji, ambao kila aliyeishi kando ya mto anaelewa maana yake. Shangazi alisimama nyuma ya ufa huo, akanishika mkono nisiuvuke, kisha akaniita mwalimu. Siku za kawaida mimi ni mwanangu tu. Akiniita mwalimu najua kwamba swali linalofuata linahitaji jibu.

"Mwalimu, wewe unafundisha habari za mito. Huu unataka nini kwetu?"

"Hautaki kitu, shangazi. Maji yanafuata mteremko, na hapa yamekuta kona."

Aliyatazama maji kwa muda, akasema, "Asiyetaka kitu hachukui vyote." Kisha akageuka kwenda kutazama wali jikoni, na hatukulizungumza jambo hilo tena, hata tulipokula, hata aliponisindikiza hadi barabarani akiwa amenifungia mchele wa kumpelekea mzazi.

Nimelipima jibu langu kila upande nikitafuta dosari, na naliona bado ni sahihi. Jumatatu, katika chumba cha walimu, niliagiza chai ya majani badala ya ile ya mifuko, nikaikoroga, nikamwonyesha mwenzangu wa fizikia jinsi majani yanavyokusanyika katikati ya kikombe, chini kabisa, ingawa mtu angetarajia yatupwe pembeni. Albert Einstein aliandika makala fupi kuhusu jambo hilo mwaka 1926, akianza na kikombe hicho hicho cha chai ili aeleze kwa nini mito hupinda. Maji ya juu yanayokwenda kasi husukumwa kuelekea upande wa nje wa kona, yakagonga ukingo, yakazama na kuchimba miguu yake; maji ya chini, ambayo yamepunguzwa kasi kwa kusuguana na sakafu, hurudi kuelekea upande wa ndani yakiburuta mchanga. Kwa hiyo ukingo wa nje huliwa na ukingo wa ndani hunenepa, na kona ikishaanza huendelea kujikaza mwaka hadi mwaka. Shangazi anakaa upande wa nje, na hiyo ndiyo sababu yote. Hata ile dhana ya kijijini kwamba shamba lake limevuka na kumwangukia jirani wa ng'ambo si sahihi sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya udongo unaoliwa katika kona moja hutua kwenye kona za mbele, upande ule ule, kwa watu ambao pengine hawajawahi kumsikia.

Mwenzangu aliridhika, akaniomba nirudie mbele ya wanafunzi. Mimi sikuridhika, kwa sababu niliweza kumsikia shangazi akiuliza: na hiyo chai, nani aliyeikoroga?

Swali hilo linanipeleka mbali kuliko kona ya mto. Kutoka dirishani mwangu hapa Tukuyu naona Mlima Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,960, na Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 480, kwa hiyo mvua inayonyesha mlimani hushuka zaidi ya mita elfu mbili katika safari ambayo kosta huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mbaka, Kiwira na Lufilyo hushuka kwa nguvu hizo zikiwa zimebeba majivu ya kale ya volkano na udongo wa mashamba yetu ya migomba, viazi na chai, halafu ghafla zinafika kwenye tambarare ya Kyela ambako hakuna tena mteremko wa kuzibeba, zikalegea, zikatua mizigo, zikajaza mikondo yao wenyewe na kumwagika kando. Tambarare yote hiyo imejengwa kwa njia hiyo. Mpunga ambao watu wa Dar es Salaam huuliza kwa jina sokoni umeota juu ya mlima uliobomolewa na kuletwa chini kidogo kidogo. Babu yake shangazi alihamia pale kwa sababu ardhi ilikuwa nene na nyeusi, nayo ilikuwa nene na nyeusi kwa sababu mto ulikuwa umefurika mara nyingi kabla hajazaliwa. Mtu akitaka mto usifurike Kyela, anataka Kyela isiwepo.

Hapo ndipo ninapomkumbuka James Hutton, ambaye nilimsoma chuoni Iringa bila kumtilia maanani. Alikuwa Mskoti aliyesomea udaktari na kuishia kulima, na katika shamba lake aliona jambo ambalo kila mkulima wa Rungwe huliona, kwamba mvua huondoa udongo na mito huupeleka baharini. Lililomsumbua ni hili: mimea haiwezi kuishi bila udongo, udongo haupatikani bila miamba kuoza na kumomonyoka, na mmomonyoko huo huo mwishowe huimaliza nchi kavu. Kama ndivyo, dunia imeundwa ijiangamize, na Hutton hakuweza kuamini kwamba dunia iliyotengenezwa kwa hekima ingekuwa na kasoro ya namna hiyo. Kwa hiyo alihitimisha kwamba ni lazima kuwe na nguvu nyingine, joto lililomo chini ya ardhi, inayoinua nchi mpya kutoka kwenye mashapo ya zamani, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya maji, na mwaka 1785 hoja yake ikasomwa mbele ya wasomi wa Edinburgh. Alianza na kusudi, akafika kwenye utaratibu. Waliokuja baada yake waliuchukua utaratibu, wakaupanua, wakaona kwamba unajitegemea, na kusudi wakaliacha njiani.

Mimi nimefundishwa na hao waliokuja baadaye, na ninafundisha walivyofundisha. Ukisimama pale Matema unaona kazi zote mbili kwa mara moja: Milima ya Livingstone inapanda kutoka majini karibu wima, kwa sababu ardhi ilipasuka na upande mmoja ukainuka huku mwingine ukishuka, na mito inaishusha milima hiyo ndani ya ziwa bila kupumzika. Mwaka 2005 wanasayansi walichoronga sakafu ya ziwa hili upande wa Malawi, wakatoa mhimili wa mashapo, kama nguzo nyembamba, wenye urefu wa mita 380 hivi, ambao umehifadhi habari za mvua na ukame kwa zaidi ya miaka milioni moja. Tope la mashamba ya watu limo humo, tabaka juu ya tabaka. Na kule Isimila, nje kidogo ya Iringa, ni maji ya mvua yaliyochimba korongo na kuacha zile nguzo ndefu za udongo zinazopigwa picha na wageni, na katika kuchimba huko yakafunua zana za mawe za watu wa kale zilizokuwa zimefukiwa kwa muda usiohesabika kwa vizazi. Maji hayakukusudia kutuonyesha historia yetu pale, wala hayakukusudia kumnyang'anya shangazi kakao hapa. Naamini hivyo kwa dhati.

Kwa nini basi neno lake linauma?

Nadhani nimeanza kuelewa siku ya Jumatano, nikiwa nasimamia usafi wa mabweni. Shangazi hakuwa anauliza habari za maji. Mwenye kutaka kitu unaweza kumwendea. Unaweza kumsihi, kumpa, kumkatalia, kumpeleka kwa wazee, na ikishindikana unaweza hata kumchukia. Amekaa na huo mto tangu aolewe. Ameuogopa, ameushukuru, ameutungia majina siku za furaha na siku za msiba. Nilipomwambia kwamba hautaki kitu, nilimwondolea mtu wa kuzungumza naye. Yule aliyempokonya shamba akawa hayupo kabisa, na hasara ikabaki peke yake bila mwenyewe. Ndiyo maana hakubishana nami kwa hoja ya mto. Alinijibu kwa hoja ya tabia, kwamba mwenye kuchukua vyote lazima awe na tamaa, na mwenye tamaa ana moyo, na mwenye moyo anaweza siku moja kusema imetosha.

Mambo yangebaki hapo kama binti yake asingenipigia simu Alhamisi usiku. Alikuwa ananiuliza habari za ada, na katikati ya mazungumzo akanieleza jambo ambalo shangazi mwenyewe hakulitaja nilipokuwa kwake. Pale kijijini wapo watu wanaosema mto unamfuata yeye. Wanasema unamfuata kwa sababu ya ule mgogoro wa ardhi uliotokea baada ya kufiwa na mume, kwamba alipokataa kuondoka shambani kuna aliyenung'unika, na mto umetumwa umwondoe. Nililisikia jambo la namna hiyo pia Aprili 2024, Mlima Kawetele ulipoporomosha tope huko Itezi, jijini Mbeya, likafukia nyumba na majengo ya shule: ndani ya daladala watu walikuwa tayari wanatafuta ni nani aliyekosea. Mtu akilazimika kuchagua kati ya msiba usio na sababu na msiba wenye mkosaji, mara nyingi atamchagua mkosaji, na mkosaji anayepatikana kwa urahisi ni mjane.

Nilikata simu nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia, na bado ninayo ninapoandika. Kama mto hautaki kitu, basi haumtaki shangazi. Haukutumwa. Haukuchunguza nani alikataa kuondoka na nani alinung'unika. Umefika kwake kwa sababu kona ipo pale, na ungefika vivyo hivyo kwa mtakatifu. Jibu nililompa kama mwalimu wa jiografia, ambalo wiki nzima lilinionekania baridi, ndilo linaloweza kumsafisha jina mbele ya majirani zake. Niliona hata sheria kwa jicho jingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wapo wanaomnyooshea kidole kwamba anakaa ndani ya mita hizo, lakini yeye hajasogea tangu aolewe. Kilichosogea ni ukingo.

Jana nilimpigia, nikamweleza habari ya chai polepole, tangu majani yalivyokusanyika katikati hadi ukingo unavyochimbwa miguuni. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: je, maelezo hayo naweza kuja kuyatoa mbele ya watu, siku ya mkutano wa kijiji, na kikombe mkononi? Nimemwambia nitakuja. Akaniagiza pia miche ya mianzi kutoka huku juu, nami nitaibeba, ingawa najua kwamba ukingo unaoliwa kutoka chini hauokolewi na mizizi ya kaya moja, na kwamba kinachohitajika ni watu wa kona nzima kukubaliana, pamoja na sisi wa milimani tunaolima hadi kwenye vyanzo vya maji na kumpelekea udongo wetu bila kumuuliza. Mazungumzo hayo ni marefu zaidi, na hayo angalau yana watu wa kuzungumza nao. Kuhusu swali lake la kwanza sijamshawishi. Alipoaga alisema, "Sawa, mwalimu, hautaki kitu. Lakini mimi nitaendelea kuusalimu," na sikuona sababu ya kumzuia.

Naandika haya nikiwa nimechoka, kwa sababu ng'ombe hajala vizuri tangu juzi na maziwa ya leo asubuhi hayakufika hata nusu ya kawaida. Ana homa, na tezi ya chini ya sikio la kushoto imevimba, jambo linalonifanya nihofie ndigana kali. Bwana mifugo ameahidi kufika kesho kabla ya saa mbili. Dawa ikikosekana hapa Tukuyu itabidi nimtume kijana Uyole kwa gari la kwanza, na bado sijui nani atamtunza ng'ombe huyo nikishahamia Makete.