Kichanga na mtoto wa miaka miwili: nilivyoipanga siku ya nyumbani

Kichanga hana ratiba, na kumtafutia ratiba wiki za mwanzo ni kujichosha bure. Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, anajichafua, analala, anaamka kunyonya tena. Mwenye ratiba ni yule mkubwa. Yeye tumbo lake linaijua saa ya uji, macho yake yanaijua saa ya kulala mchana, na ukimchelewesha nusu saa nyumba nzima inalipia. Kwa hiyo nyumbani kwetu Dar es Salaam siku nzima niliipanga kwa kufuata saa za mkubwa, mdogo akaingia humo humo kwa sababu chakula chake kiko kifuani na hakihitaji moto. Mpangilio huu ulinifaa zaidi baada ya arobaini, bibi yao aliporudi kwake nikabaki na watoto wawili tangu baba yao anapotoka kwenda kazini asubuhi mpaka anaporejea.

Kuna mambo ya kumaliza kabla mdogo hajazaliwa, angalau miezi miwili mbele. La kwanza ni kitanda. Kama mkubwa analala kwa mama, ahamishwe mapema na aanze kulazwa na baba au bibi, ili siku mgeni anapofika asione kwamba amefukuzwa kumpisha. La pili ni poti. Kama hajaanza, mwache. Kufundisha poti wiki ile ile ya kujifungua ni kubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Kama alishaanza, tegemea atarudi kujikojolea kwa wiki kadhaa. Mbadilishe nguo bila kelele wala kumwaibisha, kisha endelea kumkumbusha poti kila baada ya mlo. Hupita.

Suala la ziwa lisemwe wazi. Mkubwa akiwa bado ananyonya, si lazima aachishwe, na maziwa ya mama mjamzito si sumu. Kinachotakiwa ni mpangilio: mdogo ananyonya kwanza mpaka aachie mwenyewe, hasa siku zile za mwanzo za dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kujifungua), mkubwa anafuata. Dang'a huweza kulainisha choo cha mkubwa, usishtuke. Alama ya kwamba mdogo hapunjwi ni nepi: kuanzia siku ya tano hivi alowanishe sita au zaidi kwa siku, na uzito aliozaliwa nao uwe umerudi akifikisha wiki mbili.

Kipindi kigumu cha mchana ni wakati wa kunyonyesha. Mama amekaa, mikono yote imeshikwa, na mkubwa anajua hilo vizuri kabisa: ndipo anapopanda meza au kufungua mlango. Dawa yake kwangu ilikuwa chumba kimoja na kikapu kimoja. Natandika mkeka sakafuni, naegemea ukuta, mlango umefungwa kwa komeo la juu, na humo ndani hakuna kitu cha kuangusha wala kumeza. Kukaa chini kuna faida kubwa kuliko kiti, kwa sababu mkubwa anaweza kuja kuegemea bila kuinuliwa, na mdogo hawezi kuanguka usingizi ukikupitia. Kikapu kina vitu vinavyotoka wakati wa kunyonyesha tu na kurudi juu ya kabati tukimaliza: sufuria ndogo na mwiko, makopo matupu makubwa yasiyo na ncha kali, kitabu cha picha, kipande cha kanga cha kumfunika mwanasesere. Mchezo unaopatikana saa zote hauna nguvu. Wenye nguvu ni ule unaofichwa. Vifuniko vya soda, shanga na betri ndogo visiingie humo, maana mkubwa atampa mdogo chochote anachokipenda yeye, akidhani anamtendea wema.

Humo humo kwenye kikapu nilitia chupa ya maji yangu, ndizi mbili na vitambaa vya kucheulisha. Mkubwa naye anakula ndizi yake wakati mdogo ananyonya. Wote wakiwa na kitu mdomoni, pana utulivu.

Sasa jioni. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo kina mama wengi wanapolia. Kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku kichanga hutaka ziwa mfululizo, ananyonya, anaachia, analia, anataka tena, na hali hii huzidi akiwa na wiki tatu hadi sita. Si kwamba maziwa yamekwisha. Mama akidhani yamekwisha, anampa chupa, titi linanyonywa kidogo, na maziwa yanapungua kweli. Tatizo ni kwamba saa hizo hizo ndizo mkubwa ana njaa, amechoka na anataka kuoga. Hauwezi kupika na kunyonyesha bila kukoma, kwa hiyo chakula cha jioni lazima kiwe kimepikwa asubuhi.

Kila kinachohitaji kisu na moto nilikimaliza kabla ya saa 4 asubuhi, mdogo anapolala usingizi mrefu. Maharage nusu kilo yanalowekwa usiku, yanachemshwa asubuhi, yanagawanywa kwenye vibakuli vinne: kimoja cha siku hiyo, vitatu kwenye friza. Viazi lishe vinachemshwa na maganda. Dagaa waliokaangwa na kusagwa wanakaa kwenye kopo kavu, kijiko kimoja kinatosha kuupa wali wa mkubwa nguvu. Jioni kazi ni kupasha tu, na kupasha maana yake kichemke, si kuwa vuguvugu. Saa 10 mkubwa anaoga. Saa 11 na nusu anakula. Saa 1 na nusu yuko kitandani, na vurugu za mdogo zinabaki za mtu mmoja.

Uji wa mkubwa unastahili kupimwa, maana mwepesi hujaza tumbo bila kumpa nguvu. Kikombe kimoja cha unga wa lishe kwa vikombe vinne vya maji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi ili usifanye madonge, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka, uive dakika 15 hadi 20 huku ukikorogwa. Ukiinamisha kijiko uji ukatiririka kama maji, bado mwepesi. Mwisho kijiko kikubwa cha siagi ya karanga. Unaobaki unaingia kwenye chupa ya chai, na uliopikwa asubuhi hauvuki saa 6 mchana.

Kuoga nilikufanya kazi ya pamoja. Mdogo aanze kuogeshwa baada ya saa 24 tangu kuzaliwa, na baada ya hapo mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Siku nyingine, kwa joto letu la pwani, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Maji yanajaribiwa kwa kiwiko, si kwa kiganja kilichozoea moto. Mkubwa ana kazi yake: kushika sabuni, kuleta taulo. Mtoto aliyeambiwa "niletee nepi ya mdogo wako" hana sababu ya kumfinya. Kitovu kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake, kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya meno.

Hatari halisi ya nyumba yenye watoto hawa wawili ni maji na moto, kuliko wivu. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama kwenye ndoo iliyojaa nusu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua. Ndoo na madumu yawe na mifuniko inayokaza, beseni la kufulia limwagwe mara tu nguo zinapotoka. Na siku za uzazi nyumba zetu hujaa maji ya moto: ya kumkanda mzazi, ya kuoga, ya chai. Ndoo ya maji ya kukandwa isipite sakafuni mkubwa akiwa macho. Inabebwa na mtu mzima mwenye mikono mitupu, ndani inatiwa maji baridi kwanza, kisha ya moto. Jiko la mkaa hukaa nje ya mlango wenye kizuizi, na mpini wa sufuria unageuzwa nyuma.

Wivu upo, na hujionyesha kwa kupiga, kung'ata, kukataa chakula, au kudeka kama kichanga. Kumkemea mbele ya mdogo huuongeza. Nilichoshika ni hiki: mkono unaopiga unashikwa, neno ni fupi, "hatupigi," na papo hapo anaonyeshwa kupapasa mguu. Halafu dakika 15 zake peke yake kila siku, mdogo akiwa amelala, bila simu. Wakilia wote kwa pamoja na mdogo hana hatari, mara nyingine mkubwa ahudumiwe kwanza, na asikie ukisema: "Mdogo wako subiri kidogo, naanza na dada." Sentensi hiyo kichanga haimdhuru, mkubwa inamjenga.

Wageni wa kumwona mtoto waombwe mapema, kwa heshima, wamsalimie mkubwa kwanza. Shangazi na mama wadogo huelewa wakiambiwa. Wanawe mikono, na mwenye mafua asimbebe wala kumbusu mtoto.

Kumbeba mdogo mbelekoni huacha mkono mmoja huru. Mpaka shingo ikaze, kama miezi mitatu hadi minne, abebwe kifuani: uso uonekane, kidevu kisigandamane na kifua, paingie vidole viwili chini yake. Aliyejifungua kwa upasuaji asinyanyue kitu kizito kuliko kichanga kwa wiki sita, na mkubwa wa kilo 12 yumo humo. Kistuli kidogo kando ya kitanda humfundisha kupanda mwenyewe.

Usiku kila mmoja na chandarua chake chenye dawa, au mkubwa na baba upande mmoja na mdogo na mama upande wa pili. Mkubwa asilale ubavuni mwa kichanga, maana akigeuka usingizini anaweza kumfunika. Mdogo analazwa chali, bila mto. Mkubwa anaamshwa akojoe saa 4 usiku, baba yao anapokwenda kulala.

Mkubwa akileta mafua au kuharisha kutoka kwa wenzake, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa mdogo, na vikombe vinatenganishwa. Kwa kuharisha kwa mkubwa, ORS ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kama ulivyoelekezwa. Kwa mdogo hakuna kusubiri: akishindwa kunyonya, akiwa na joto la kwapani 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea anapovuta hewa, akipata degedege, au akilegea mpaka asogee kwa kuchokozwa tu, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Maji, asali na dawa za tumbo za kienyeji visimfike.

Kliniki nilizipanga pamoja pale tarehe zilipokubali. Mdogo ana chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Mkubwa ana uzito wake, vitamini A kila miezi sita, na dawa ya minyoo. Kadi zote mbili zikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na nepi tatu, kanga mbili, uji wa mkubwa na kile kikapu. Fika mapema, na omba mkubwa apimwe kwanza, kabla hajasikia mdogo wake akilia sindano.