"Mama namsikia, lakini simuoni"

Mwaka jana nilimrekodi bibi yangu kule Pangani akisuka ukili na kueleza namna ya kuushona uwe mkeka. Dakika 40, kwa simu. Nikanunua flashi sita, moja kwa kila nyumba ya watoto wake, nikazigawa.

Siku mbili baadaye mjomba akanipigia kutoka Morogoro. Mguu haumruhusu kusafiri, kwa hiyo video ile aliisubiri kuliko wote. "Mpwa wangu," akasema, "mama namsikia, lakini simuoni. Kioo cheusi."

Maneno yale yaliniuma. Kwangu video ilicheza vizuri, nikadhani flashi ndiyo mbovu. Kumbe mimi natumia VLC, programu ya kuchezea video ambayo hucheza karibu kila kitu. Humo humo kwenye VLC nikafungua Zana, kisha taarifa za kodeki, yaani njia iliyotumika kubana picha au sauti, na jibu likawa pale: HEVC.

Faili la MP4, kama lile langu, ni kapu tu. Ndani mna picha na sauti, na kila kimoja kimefungwa kwa kodeki yake. Simu yangu ilifunga picha kwa HEVC, mfumo wa mwaka 2013 unaopunguza ukubwa wa faili. Kompyuta ya mjomba ni ya Windows 7, iliyotoka 2009, HEVC haiijui. Sauti ilikuwa AAC, na hiyo inaifahamu. Ndiyo maana alimsikia mama yake bila kumwona. Kubadilisha jina la faili hakusaidii chochote hapo.

Ningeweza kumwambia aweke VLC. Lakini je, mama mkubwa? Na wale wengine wanne? Naona mzigo huu ni wa anayetuma.

Nikapakua HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video. Picha nikaichagulia H.264, kodeki ya zamani zaidi ambayo Windows 7 inaijua, sauti AAC, ukubwa 1080p. Kasi nikaifunga kwenye fremu 30 kwa sekunde, isipande wala kushuka, kwa sababu simu hurekodi kwa kasi inayobadilika na mdomo unaweza kuachana na maneno. Kazi ilichukua zaidi ya saa mbili. Faili la kwanza, la 4K, lilizidi GB 6, na si kila flashi hupokea faili kubwa hivyo: iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Jipya lilikuwa chini ya 3. La asili nimelihifadhi, silifuti.

Safari hii sikugawa kabla ya kujaribu. Nilikwenda steshenari ya mtaani kwetu, nikamwomba kijana wa pale aniwashie kompyuta yake kuukuu kuliko zote, isiyo na VLC. Tukatazama mwanzo, katikati na mwisho, maana kuna mafaili yanayoanza vizuri kisha yakakwama njiani.

Flashi mpya ikaenda Morogoro kwa basi. Jioni mjomba akapiga simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bado anaulowesha ukindu kwa vidole vitatu, kama zamani."