Ijumaa mbili za yule bedui, na maji nyumbani kwa dadangu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu na dada zangu.

Wiki hii nimelemewa na neno moja lililosemwa mlangoni kwa dadangu, na nimeona bora nilitoe hapa kwenu kuliko kukaa nalo kifuani.

Mvua mumeiona wenyewe. Mwezi wa tano ndio wa mvua nyingi kuliko yote kwetu pwani, na watu wa Malindi hatushangai masika yakija na kusi. Lakini hii ilianza baada ya Isha, ikashika bila kupumua mpaka karibu na alfajiri, na nyumba ya dadangu iko sehemu ya bondeni. Maji yaliingilia jikoni, chini ya mlango wa uani, wao wamelala. Aliyejua wa kwanza ni mtoto: aliteremsha mguu kitandani akakanyaga maji.

Shemeji yangu alikimbilia kuzima stima kabla ya jambo lolote, na hapo Mola alimuongoza, maana stima na maji zimeshaua watu majumbani mwao. Dadangu akainua msahafu na juzuu za watoto, akaviweka juu ya kabati. Mama mkwe wake, mtu mzima asiyesimama bila kushikwa, wakamkalisha juu ya meza na kumfunika leso. Bibi yule akawa analeta istighfari kwa sauti, polepole, mpaka watoto wakaacha kulia wakamfuata. Unga, mchele, makaa, magodoro, madaftari ya shule, vyote vililowa. Na choo cha shimo cha uani kilijaa kikafurika, kwa hivyo yaliyokuwa yanazunguka sebuleni hayakuwa maji ya mvua matupu. Mwajua wenyewe.

Kulipopambazuka majirani wakaja. Alhamdulillah, wengi walikuja na ndoo na makarai. Mmoja, mtu wa swala tano na wa safu ya mbele, alisimama kizingitini, akatazama huku na huku, akasema: "Rudini kwa Mungu. Haya hayaji bure." Kisha akaenda zake.

Simtaji, wala sitaki mtu amtafute. Nalileta neno lake kwa sababu si lake peke yake. Tulilisikia katika mvua za El Niño za 1997. Tukalisikia tena mwisho wa 2023, barabara ya Mombasa ilipokatika pale Mbogolo na ndugu zetu wa kando ya mto Sabaki wakahama na mbuzi wao na watoto mgongoni. Kila maji yakipanda, hutokea mtu aliye mahali pakavu akawa kadhi wa waliolowa. Na dadangu, ambaye usiku kucha hakulia, alilia baada ya neno hilo. Akaniuliza, "Nimefanya nini mimi?" Mimi mwenyewe, wingu lilipotanda tena na nikataka kusoma dua ya mvua, *Allahumma sayyiban nafi'an*, Ee Mola, ijaalie mvua ya manufaa, ulimi ulikuwa mzito. Niliisoma, lakini ulikuwa mzito.

Basi nikarudi kwenye hadithi tunayoijua sote, ya Anas bin Malik, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Ijumaa, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, yuko kwenye hutuba, akaingia bedui mmoja msikitini akasema: Ewe Mtume wa Mungu, mali imeangamia na njia zimekatika, tuombee Mungu atupe mvua. Mtume akainua mikono akaomba. Anas asema hakukuwa na wingu mbinguni. Likatokea wingu nyuma ya jabali la Sal', likatanda, mvua ikanyesha, na wiki nzima hawakuliona jua. Ijumaa ya pili akaingia mtu kwa mlango ule ule, yule yule au mwingine, Anas hakuwa na yakini. Naye akalia kilio cha upande wa pili: nyumba zimebomoka, mali imezama, tuombee Mungu aizuie.

Hebu tusimame hapo kidogo. Hapa pana mji wa Mtume mwenyewe. Mvua hii imekuja kwa dua yake mwenyewe. Na nyumba zilizobomoka ni za maswahaba. Je, Mtume aliuliza ni nyumba ya nani? Aliuliza mwenye nyumba alikuwa akifanya nini juzi? Riwaya moja yasema alitabasamu, kisha akainua mikono: *Allahumma hawalayna wala alayna.* Ee Mola, inyeshe pembezoni mwetu, isiwe juu yetu. Inyeshe kwenye vilima, na mabondeni, na panapoota miti. Hakuiita mvua laana, hakuomba ikome duniani. Aliomba iende panapoihitaji na iondoke juu ya paa za watu. Basi mtu akikwambia kumuomba Mungu aondoe mvua ni kukataa rehema, mwambie Mtume aliomba hivyo, juu ya mimbari, mbele ya watu.

Na liko jingine. Abu Said al-Khudri asimulia usiku wa mwezi ishirini na moja wa Ramadhani. Mvua ilinyesha Madina, na msikiti wa Mtume ulikuwa umeezekwa kwa makuti ya mtende. Ukavuja. Mtume akasali pale pale palipovuja, akasujudu, na Abu Said akaona kwa macho yake athari ya maji na tope kwenye kipaji cha uso wa Mtume. Sisi watu wa makuti, hadithi hii yapasa ituingie kuliko mtu mwingine yeyote! Kama paa kuvuja na sakafu kuwa tope ni alama ya ghadhabu, tungesema nini juu ya msikiti ule, na juu ya kipaji kile? Dadangu alisali Alfajiri siku ile juu ya meza, kando ya mama mkwe wake, pindo la nguo limelowa. Nikimfikiria hivyo namfikiria yuko pamoja na wenzi wema.

Najua atakayesema: Mama, Mtume alikuwa akiona wingu uso wake hubadilika, akawa anaingia na kutoka, na Bibi Aisha alipomuuliza alimkumbusha kina Adi, kaumu ya kale, walioona wingu wakasema hili latuletea mvua, kumbe ndani yake mna adhabu. Ni kweli. Adhabu ipo, na kumcha Mungu ni wajibu wetu. Lakini tazama hofu ile ilikaa wapi. Ilikaa katika uso wake mwenyewe. Ilimfanya yeye atoke na kuingia, hakuitoa akaenda kuitundika mlangoni kwa jirani. Ukiona radi ukahofia dhambi zako, umefuata Sunna. Ukiona maji nyumbani kwa mwenzio ukahesabu dhambi zake, umefuata nini? Na ile aya ya Sura ya Baqara tunayoipenda kuwasomea waliofikwa, kwamba Mola atatujaribu kwa hofu na njaa na upungufu wa mali na nafsi na matunda, inaishia wapi? Yaishia kwa amri: wabashirie wanaosubiri. Anayeingia kwenye nyumba ya msiba wa maji ameamrishwa apeleke bishara. Kama huna bishara, peleka ndoo. Kama huna ndoo una mikono miwili, na matope yale hayakuwa yakimngoja mtu mwenye shahada.

Sasa niseme linalonikera zaidi, na mnivumilie kina baba na kina mama, maana nasema kwa mapenzi. Kama twataka kuitafuta dhambi katika mafuriko haya, tuitafute. Mola amesema katika Sura ya Rum kwamba ufisadi umedhihiri bara na bahari kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Basi tuiangalie mikono yetu. Maji ya bondeni pale yalikuwa na njia yake. Wazee wa mtaa wote wanaijua, watoto wa zamani walikuwa wakikamata vyura humo. Njia ile leo ina nini? Ina mifuko ya taka iliyofungwa vizuri na kutupwa usiku. Ina nepi za watoto. Ina vifuu na makumbi, vifusi vya ujenzi, na kipande kimoja kimejengwa ukuta juu yake kabisa. Na juu kidogo mtu amejaza kiwanja chake udongo lori kwa lori, nyumba yake ikainuka, Mungu ambariki, lakini maji yaliyokuwa yakilala kwake sasa yanalala kwa mwenzake.

Hiyo ndiyo dhambi ya mvua hii. Aliyeitenda hakuingiliwa na maji. Mtume amesema hapana kudhuru wala kudhuriana. Amesema imani ina matawi sabini na kitu, na tawi la chini kabisa ni kuondoa kinachoudhi njiani. La chini kabisa! Na sisi, badala ya kuondoa, ndio tunaoweka. Tunatoka msikitini na nguo nyeupe, tunapita juu ya mtaro ule ule tukiinua mavazi yasichafuke, tukimaliza kuuvuka tunaulaumu mji. Mji una wajibu wake, na wenye kushika kazi hiyo wataulizwa na Mola wao, na sisi tuna haki ya kuwauliza kabla yake. Lakini mfuko wa taka haukutupwa na serikali. Ulitupwa na mkono ulioinuliwa kwa takbiri.

Mama, usimtume mtoto na mfuko usiku. Wewe mwenye kiwanja, kabla ya lori la kwanza la udongo, zunguka uone maji yatapita wapi, na umuulize jirani wa chini yako. Ukishajenga njiani kwa maji, usingoje kesi. Kata upenyo, weka bomba, maji yapite. Utapoteza hatua mbili tatu za ardhi hapa duniani, na utakuwa umejiokoa na watu kudai haki yao kwako siku ya Kiyama, siku ambayo huna godoro la kuwalipa.

Tunaisoma Sura ya Maun karibu kila wiki kwa kuwa ni fupi. Ole wao wanaosali, walioghafilika na sala zao, wanaojionyesha, na wanaonyima vitu vidogo vya kusaidiana. Ibn Mas'ud alipoieleza aya ya mwisho alitaja vitu ambavyo watu huazimana: shoka, chungu, ndoo. Ndoo, jamani.

Mambo machache kwa waliopatwa, maana nimeulizwa. Sala haikuondoki lakini imesahilishwa: Ibn Abbas siku ya mvua kubwa, tena Ijumaa, alimwamrisha mwadhini aseme salini majumbani mwenu, kwa kuchukia watu watembee kwenye tope na utelezi. Tope la kawaida la njiani lisikutie wasiwasi. Lakini maji yaliyochanganyika na ya choo ni najisi wazi, nguo na sakafu zioshwe, na watoto wasiachwe wakayachezea. Kisima kilichofikiwa na maji hayo msikitumie kwa kunywa mpaka kisafishwe na kutiwa dawa. Maji yachemsheni, kipindupindu hakichelewi mvua zikipita. Msahafu uliolowa anikeni kivulini penye upepo, na usiofaa tena kusomwa uzikwe mahali safi pasipokanyagwa, usitupwe. Magodoro ya sponji yaliyonywa maji ya choo msiyakaushe mkayalalia. Najua yanauma kuyatupa.

Dadangu na watu wake sasa wako kwangu, watoto wamelala kwenye majamvi sebuleni na mama mkwe amepewa kitanda. Kila siku baada ya Dhuhuri yeye na mumewe wanarudi kukwangua tope na kuanika walivyonavyo jua likitoka. Kitanda chao wamekwishakiinua juu ya mabloku. Jana alinipa salamu niwafikishie, wale mliobeba ndoo, akawataja nyote kwa majina, na akaniambia nisiwataje hapa msije mkapunguziwa thawabu. Na juu ya yule bwana wa kizingitini alisema neno moja tu, kwamba amemsamehe, na kwamba mlango u wazi.

Jumamosi hii, inshallah, baada ya Alfajiri kabla jua halijawa kali, tunafungua ule mtaro. Wanaume waje na majembe, sululu na makoleo. Mwenye mkokoteni aje nao, taka zisiachwe kando zikarudi ndani na mvua ijayo. Vijana wavae viatu vya mpira, mna vigae humo. Sisi kina mama tutapika uji na mahamri, na tutapita nyumba kwa nyumba juu ya jambo la mifuko. Aliye na godoro la ziada, leso, sare za shule au daftari ambalo halijaandikwa, avilete kwangu kabla ya Ijumaa. Familia zilizoingiliwa na maji ni zaidi ya ile ya dadangu, na nyingine haziwezi kusema.

Na yule bwana, akinisoma, aje pia. Nitamwekea jembe.

Wassalamu alaykum warahmatullah.