Nilivyotengeneza ulimbo wa kichawi kwa ajili ya mchezo wetu

Ukiwapa wachezaji gundi ya kichawi, usitarajie waitumie kuunga jagi lililovunjika. Watagandisha panga za maadui ndani ya ala na kumbandika mfalme kwenye kiti chake. Nilitaka vurugu hizo zitokee mezani, ila kwa kiasi, kwa hiyo nilianza kwa kuichambua gundi iliyopo tayari katika mchezo huo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, yaani Sovereign Glue.

Hiyo ni kali mno. Ni ute mzito mweupe kama maziwa, na chombo chake lazima kipakwe ndani mafuta ya kichawi ya utelezi. Ukiipata, unarusha dadu ya pande 6 na kuongeza 1 ili kujua ni aunsi ngapi. Aunsi moja hutosha futi moja ya mraba. Ikishashika, haiachii ila kwa vitu vitatu, vyote adimu. Kwa wahusika wa daraja la 3 kama wetu, hivyo ni vya kusikia tu.

Lakini ina breki moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo akili yake yote: huchukua dakika nzima kushika. Duru moja ya mapigano ni sekunde 6, kwa hiyo dakika ni duru 10, na mapigano yetu mengi hayafiki hata ya tano. Basi hiyo si silaha, ni kitu cha kupanga mapema. Tena huunganisha vitu, si viumbe. (Mabishano huanzia hapo. Mguu si kitu, je, kiatu? Kwangu kiatu ni kitu, adui akitaka avue aende pekupeku. Aliyevaa deraya nzito ndiye mwenye kazi, maana kuivua huchukua dakika 5.)

Wangu nikauita ulimbo wa jitu. Huo unanasa viumbe, na unanasa papo hapo. Breki nikaihamishia kwenye kupaka: futi moja ya mraba hula duru 3, na anayepaka hafanyi lingine. Baada ya saa moja hukauka ukawa unga.

Kilichonisumbua zaidi ni ugumu wa kujinasua. Anayejinasua hurusha dadu ya pande 20, huongeza nyongeza yake ya nguvu, na lazima afikie namba niliyoweka. Nilifikiria 20, lakini mhusika asiye na nyongeza yoyote ya nguvu angekuwa na nafasi 1 tu kati ya 20. Kumkalisha mtu akitazama wenzake wakicheza ni kumwadhibu yeye, si mhusika wake. Nikaweka 15, nafasi 6 kati ya 20, na mafuta yoyote ya taa au ya kupikia huubandua mara moja. Haya yote niliwaeleza wachezaji mapema. Wako wasimamizi wa mchezo wanaopenda kuficha. Mimi naona mtego usiojua unavyofanya kazi huwezi kuupangia lolote.

Mwizi wa kundi akapaka kidato cha chini cha ngazi, wenzake wakajifanya wanakimbia. Mlinzi wa mbele akanasa, wa nyuma wakamparamia, na mlango wa hazina ukabaki bila mtu. Sasa mpiga mishale anataka kuupaka kwenye ncha za mishale yake. Nimemkubalia kwa masharti: mshale wenye ulimbo ni mzito, kwa hiyo anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo.